Sauti Hupita Wapi? Ukuta, Dari na Mlango wa Studio ya Nyumbani

Mtu anayetaka kugeuza chumba cha nyumbani kuwa studio huanza na swali la kubandika: ukutani tuweke nini? Majibu ya wenzake yanajulikana. Trei za mayai, godoro lililochoka, zulia, mablanketi, na siku hizi vile vipande vya sponji vyenye meno vinavyouzwa kwa rangi nyeusi na nyekundu. Chumba kinavishwa hadi kinapendeza kwenye picha, kisha biti ya kwanza inapigwa na jirani anagonga mlango vilevile kama zamani.

Kasoro ya swali hilo ni kwamba limebeba kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kuzuia: sauti ya ndani isitoke, na honi ya bodaboda, jenereta la duka la pili au kwaya ya mtaa wa nyuma isiingie kwenye maiki. Ya pili ni kufyonza: sauti ya mwimbaji isirukeruke kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kurudi kwenye maiki ikiwa na mwangwi. Kifaa kinachoifanya vizuri kazi ya kwanza kwa kawaida hakiiwezi ya pili. Zege linazuia na halifyonzi, sponji inafyonza na haizuii. Naamini kwamba katika nyumba zetu nyingi za tofali, ukuta umeshaimaliza sehemu yake ya kazi ya kwanza siku fundi alipopiga lipu, na pesa zinazomwagwa juu yake zingefaa zaidi darini, mlangoni na dirishani.

Tofauti kati ya kazi hizi mbili ilishafanyiwa hesabu zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mhadhiri kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, ukumbi wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg ambamo maneno ya mwalimu yalipandana hadi yakawa hayasikiki. Sabine alifanya kazi usiku. Alikuwa akiazima mito ya viti vya ukumbi wa Sanders, akiipanga ndani ya Fogg, na kupima mwangwi unavyofupika kadiri mito inavyoongezeka. Kanuni aliyoipata bado inatumika: ukijua ujazo wa chumba na jumla ya eneo linalofyonza, utajua mwangwi utadumu muda gani. Lakini mito yote ya Sanders haikuongeza chochote kwenye uwezo wa kuta za Fogg kuzuia sauti isipite. Trei za mayai ni jamaa wa mito ile, tena jamaa dhaifu.

Tuanze basi na kuzuia. Sauti inapougonga ukuta huutikisa, na ukuta uliotikiswa huisukuma hewa ya upande wa pili. Kilicho kizito kinatikisika kidogo. Kwa ukuta wa tabaka moja, kila unapoongeza uzito maradufu unapata desibeli 5 au 6 zaidi za kinga, na sikio la binadamu huhitaji upungufu wa desibeli kama 10 ndipo liseme sauti imepungua nusu. Kwa hiyo uzito hufanya kazi, ila hulipa polepole.

Ukuta wa tofali za simenti za inchi 6, zisizo na matundu, zikilazwa vizuri na kupigwa lipu pande zote mbili, una zaidi ya kilo 300 kwa kila mita mraba. Kinga yake ni karibu desibeli 50. Trei ya mayai thelathini ni karatasi iliyosagwa ikapigwa chapa. Mita mraba nzima ya trei haifiki kilo moja. Kuongeza kilo moja juu ya 300 ni kuongeza sifuri. Hata godoro la sponji ni kilo chache tu, na lina matundu ambayo hewa hupita. Mtu akikuambia alibandika trei na sauti ikaacha kutoka nje, muulize kama siku hiyohiyo hakuziba pia dirisha.

Tofali zenyewe hutofautiana. Zile zenye matundu ni nyepesi, na zikiachwa bila lipu hupitisha sauti kwenye vinyweleo vya simenti na kwenye maungio ambayo fundi hakuyajaza. Kuzipiga lipu ni ukarabati wa bei nafuu wenye faida kubwa, na aliye bado anajenga anaweza kuyajaza matundu yake zege au mchanga mkavu kadiri kozi zinavyopanda. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine zina uzito unaokaribia wa simenti na hazina sababu ya kudharauliwa. Nyumba ya miti na udongo nayo ina uzito wa kutosha. Kinachoiangusha ni nyufa zinazotokea udongo ukikauka na pengo kati ya ukuta na paa. Kwa unene hakuna anayezifikia nyumba za kale za Unguja na Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nusu mita na zaidi. Aliyerithi chumba cha namna hiyo amerithi ukuta ambao studio nyingi za kisasa zingeutamani, pamoja na madirisha ya mbao yasiyo na kioo ambayo yanaupotezea ukuta huo faida yake yote.

Na hapo ndipo hesabu inapomshangaza mtu. Chukua upande mmoja wa chumba wenye mita mraba 10. Mita 8 ni tofali yenye kinga ya desibeli 50, mita 2 ni mlango wa flashi, ule wa fremu nyepesi yenye uwazi ndani, wenye kinga ya desibeli 20. Upande mzima una kinga gani? Si 44, kama mtu angekadiria kwa wastani. Ni 27. Sasa mwite fundi ajenge ukuta mzito zaidi wa desibeli 60 na uuache mlango ulivyo: jibu linabaki 27. Uache ukuta, ubadilishe mlango uwe wa desibeli 35, unapanda hadi 41. Sauti hufanya kama mbu na chandarua. Tundu moja linamtosha.

Tundu lenyewe linaweza kuwa dogo kuliko unavyofikiri. Pengo la sentimita moja chini ya mlango wenye upana wa sentimita 80 ni kama asilimia 0.5 ya eneo la mlango. Kwa pengo hilo peke yake, mlango wowote, hata ungekuwa wa mninga mtupu au wa chuma kilichojazwa zege, hauwezi kuvuka desibeli 23. Ndiyo maana raba ya kuzunguka fremu, kizingiti cha kugusana na mlango chini, na silikoni kwenye mwanya kati ya fremu na ukuta vinatangulia kifaa kingine chochote. Baada ya hapo uzito: mlango wa mbao nzima badala ya flashi, au flashi iliyoongezwa ubao wa MDF pande zote mbili na bawaba imara zaidi za kuubeba. Anayehitaji zaidi aweke milango miwili inayofuatana, yenye nafasi katikati. Milango miwili ya kawaida iliyozibwa vizuri huushinda mmoja wa gharama.

Dirisha la alumini la kuteleza lina udhaifu wa aina mbili. Kioo cha milimita 5 kina kilo 12.5 kwa mita mraba, kiasi ambacho si kibaya sana kwa kioo, lakini reli zake zimeundwa ziteleze, na kinachoteleza hakibani. Kama chumba kina dirisha lingine au hewa inaweza kuletwa kwa njia nyingine, kulijenga dirisha kwa tofali ni uamuzi wa busara kuliko mapazia yote mazito ya sokoni. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta anaweza kutengeneza kizibo: ubao wa MDF wa milimita 18, wenye kilo kama 13 kwa mita mraba, ukipigwa raba pembezoni na kubanwa ndani ya fremu ya dirisha kwa upande wa chumbani. Pazia acha libaki pazia.

Lakini mlango na dirisha angalau vinaonekana. Mhalifu mkubwa wa nyumba zetu yuko juu ya kichwa. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Kisumu, kuta za ndani hupanda hadi usawa wa linta au kenchi kisha zinaishia hapo. Juu yake kuna uwazi mmoja unaounganisha vyumba vyote chini ya bati. Kinachotenganisha chumba na uwazi huo ni silingi bodi: plaiwudi, PVC au jipsamu nyembamba, isiyofika kilo 8 kwa mita mraba, mara nyingi ikiwa imetobolewa matundu ya taa za urembo. Sauti hupanda, inapita juu ya ukuta wa kilo 300 na kushuka chumba cha pili, au inatoka nje kupitia mwanya kati ya bati na ukuta. Mtu aliyebandika sponji kuta zote nne na kuiacha dari hivyo amefunga milango minne ya banda lisilo na paa.

Tiba ya kweli ni kuupandisha ukuta hadi ukutane na bati na kuziba mwanya kwa tope la simenti, au kujenga dari nzito: tabaka mbili za bodi nene za jipsamu, maungio ya tabaka la pili yasiangukie juu ya maungio ya la kwanza, na pamba ya mawe au ya glasi ikilazwa juu. Kenchi ziwe na nguvu ya kubeba. Tabaka mbili hizo ni kilo 18 kwa kila mita mraba, na chumba kidogo kitakuwa na zaidi ya kilo 150 zikining'inia. Asiyeamini kenchi zake ajenge fremu ya mbao inayosimama juu ya kuta. Dari hiyohiyo ndiyo inayopunguza mlio wa mvua kwenye bati, jambo ambalo wakati wa masika husimamisha kurekodi kwa saa nzima na ambalo hakuna kitu cha kubandika ukutani kinachoweza kuligusa.

Turudi ukutani, kwa sababu kuna wanaohitaji kuongeza kweli. Mpiga ngoma, mtu anayechanganya muziki kwa spika kubwa usiku, mwenye ukuta wa tofali moja unaomtenga na kitanda cha jirani. Hapa ndipo kosa la gharama kubwa hufanyika. Fundi anapigilia vipande vya mbao vya inchi moja kwenye tofali, anabandika bodi ya jipsamu juu yake, na mteja anaamini amepata ukuta mara mbili. Kilichojengwa ni kitu kinachodunda. Hewa iliyobanwa kati ya bodi na tofali hufanya kazi ya springi, bodi inakuwa uzito ulioning'inizwa kwenye springi hiyo, na kila springi ina mdundo wake. Kupata mdundo huo kwa makadirio, zidisha uzito wa bodi kwa mita mraba na upana wa uwazi kwa mita, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 60 kwa kipeuo hicho. Bodi moja ya kilo 9 na uwazi wa sentimita 2.5 vinatoa hezi kama 126. Kwenye masafa hayo na jirani zake, ukuta mpya unapitisha sauti nyingi kuliko tofali tupu lilivyopitisha. Na hezi 126 ndipo penyewe pa gitaa la besi na sauti nzito ya mwanamume.

Ongeza uwazi hadi sentimita 10, mdundo unashuka hadi 63. Weka bodi mbili juu ya uwazi huohuo, unafika 45, na pamba ikijazwa ndani mdundo unapungua makali. Juu ya masafa hayo ukuta wa tabaka mbili unaanza kulipa kwa kasi ambayo uzito peke yake haukuwahi kuifikia. Sharti lake ni utengano. Fremu ya ukuta mpya isimame sakafuni na kushikwa juu bila kufungwa kwenye tofali, isiguswe na misumari, mabomba wala mabaki ya simenti yaliyoanguka katikati. Msumari mmoja mrefu unaounganisha pande mbili ni daraja. Hili ndilo wajenzi wa studio wanaliita chumba ndani ya chumba, na linakula nafasi: chumba cha futi kumi kwa kumi kinaweza kubaki cha nane kwa nane.

Je, unalihitaji? Inategemea unachorekodi. Zama ambazo bendi nzima ilisimama pamoja kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam na kupiga mara moja zilidai ukumbi uliojengwa kwa kazi hiyo. Kompyuta ilipohamishia kazi chumbani, mzigo ulibadilika. Biti inatengenezwa kwa hedifoni, kinachopita kwenye maiki ni sauti ya mtu mmoja, na wenye kurekodi vitabu vya kusikiliza, matangazo ya redio na podikasti hawatoi kelele ya kumkera yeyote. Hao shida yao ni kelele inayoingia, na mlango uliobana pamoja na dari nzito vinawatosha. Anayesikiliza amapiano kwa spika za inchi 8 ni habari nyingine. Viwango vya kimataifa vinavyoupa ukuta namba moja ya kinga huhesabiwa kuanzia hezi 100. Kiki na besi za muziki wa sasa zinakaa 40 hadi 60. Ukuta wa bodi na ukuta wa tofali unaweza kuwa na namba ileile kwenye karatasi, kisha huku chini tofali likauacha wa bodi mbali. Ukiambiwa bodi fulani ina desibeli 50, uliza ni kwenye masafa gani.

Sheria nayo ina namba zake. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinataka maeneo ya makazi yasizidi desibeli 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo unaanza saa 2. Spika ikilia desibeli 90 ndani ya chumba chenye upande wa desibeli 27 tuliouhesabu, kwa makadirio ya haraka nje ya mlango kunabaki zaidi ya 60. Hedifoni zinamaliza ubishi huo kwa gharama ndogo kuliko ukuta wowote.

Kazi ya pili, ya kufyonza, ni rahisi zaidi na ndiyo inayosikika haraka kwenye rekodi. Chumba cha mita tatu kila upande, sakafu ya vigae na kuta za lipu, kikiwa kitupu kina mwangwi wa sekunde mbili na zaidi. Weka mita mraba 10 za kifyonzaji kizuri, unashuka chini ya nusu sekunde. Unene ndio siri. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34, la hezi 100 lina mita tatu na nusu. Sponji ya inchi moja inayakamata mawimbi mafupi tu. Ndiyo sababu vyumba vilivyofunikwa sponji nyembamba kila mahali vina sauti iliyofifia juu na kuvuma chini. Mkali wa sauti ameondolewa, mnene ameachwa atambe. Paneli chache za sentimita 10, zilizoachiwa nafasi ya sentimita 10 nyuma yake, zinafanya kazi kuliko kuta nne za sponji, hasa zikiwekwa kwenye pembe.

Malighafi bora ni pamba ya mawe, ikifuatiwa na pamba ya glasi inayolazwa chini ya mabati ya maghala. Fremu ya mbao, pamba ndani, kitambaa juu. Kitambaa kipimwe kwa mdomo: ukiweza kupuliza hewa ikapita, sauti itapita, kanga inafaa, turubai na rexini hazifai. Wasiopata pamba wana usufi, nyuzi za makumbi na za mkonge, na nguo za mitumba zisizovalika zikishindiliwa kwa wastani kwenye fremu. Zote zinafyonza. Zote pia zina masharti: pwani zinavuta unyevu na kuota ukungu, mbao zake zinaliwa na mchwa zisipotiwa dawa, na usufi unashika moto upesi kuliko unavyodhani.

Moto si jambo la kutajwa kwa adabu kisha kupitwa. Tarehe 20 Februari 2003 watu 100 walikufa katika klabu ya The Station, jimboni Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani zilipowasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Tarehe 27 Januari 2013 sponji ya dari iliwaka kwa namna hiyohiyo katika klabu ya Kiss, Santa Maria, Brazil, wakafa watu 242. Moshi wa sponji ya poliurethani ndio uliowamaliza wengi. Studio ya chumbani haina fataki, ina ekstensheni tatu zilizochomekwa kwenye soketi moja, mlango mmoja uliobanwa kwa raba na dirisha lililozibwa. Pamba ya mawe haiwaki. Kama bajeti inakulazimisha uchague mahali pamoja pa kutotumia trei na sponji, pawe karibu na nyaya. Na kizibo cha dirisha kiwe cha kusukumwa kwa mkono, siyo cha kufunguliwa kwa bisibisi.

Chumba kilichozibwa hivyo hakina hewa. Joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari, watu watatu na kompyuta, maiki ikiwa wazi: feni haiwezekani, na kiyoyozi kinapoza hewa ileile bila kuleta mpya. Njia ya kawaida ni sanduku refu la mbao lenye kona mbili au tatu ndani, lililovishwa pamba kwenye kuta zake, ambamo hewa inapinda na kupita huku sauti ikifyonzwa kila kona. Moja la kuingizia, moja la kutolea, yawe mapana ili hewa iende taratibu bila kuvuma.

Umbo la chumba nalo lina neno. Chumba cha kumi kwa kumi chenye dari ya futi kumi ni boksi la pande sawa, na pande zote tatu hujikusanyia mvumo mmoja, karibu hezi 57. Besi inasikika kubwa ukikaa ukutani na kutoweka ukikaa katikati. Hakuna rangi wala sponji inayolitatua hilo. Anayejenga upya afanye vipimo vitatu visivyolingana; aliyekwisha jenga asogeze meza, asikae katikati kabisa, na ajaze pembe kwa pamba nene kadiri awezavyo.

Mpangaji, ambaye ndiye wengi wetu, hana ruhusa ya kupandisha ukuta wala kuziba dirisha kwa tofali. Ataanza na raba ya mlango na kizibo cha MDF, atarekodi sauti saa ambazo mtaa umetulia, na atatengeneza paneli za kusimama zenye miguu badala ya kubandika. Gundi ya sponji hung'oa rangi ya mwenye nyumba na mara nyingi hula sehemu ya amana; paneli sita zenye miguu hupakiwa kwenye kirikuu kimoja siku ya kuhama.